Mafunzo ya uhusiano wa umma yameisha, ofisi inataka niendelee kujitolea. Nimekataa, nabaki Tanga kwa njia nyingine

Binti wa Makorora (mleta mada)

Salaam wakuu. Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Mafunzo yangu tarajali katika kitengo cha mawasiliano cha ofisi moja ya umma hapa Tanga yamekwisha wiki iliyopita. Nimerudisha kitambulisho, kamera na funguo ya kabati, nikaagwa kwa soda na keki. Kabla ya keki, mkuu wa kitengo aliniita pembeni akaniambia, "Usiondoke. Endelea kujitolea hapa hapa, kibali kikitoka wewe ndiye wa kwanza." Aliyasema kwa moyo mweupe na nimemshukuru. Lakini nimeshaamua kwamba siendelei. Naleta uzi huu kwa sababu vijana wengi tuliosomea mawasiliano tunaambiwa maneno haya haya siku ya mwisho, na pia nataka wanaoijua kazi hii kuliko mimi wanipinge kama wanaona nakosea.

Nianze na hilo la kibali, maana ndilo linalotushika. Ofisi ya umma haiajiri kwa sababu bosi amekupenda. Inaomba kibali Utumishi, kikitoka nafasi inatangazwa na Sekretarieti ya Ajira kwenye Ajira Portal, halafu waombaji wote wanaitwa kwenye usaili wa mchujo. Mimi niliyekaa pale mwaka mzima nikipiga picha za vikao nitakalia dawati moja na kijana wa Songea ambaye hajawahi kukanyaga Tanga, na mtihani ni ule ule. Kwa hiyo anayeniahidi kwamba nitakuwa wa kwanza hana uwezo wa kuitimiza ahadi hiyo, hata akitaka. Nafasi ikitangazwa nitaomba nikiwa popote. Wakati huo huo nauli ya kila siku ni yangu, chakula ni changu, na Bodi ya Mikopo ina jina langu.

Sasa niseme nilichokipata, kwa sababu nilikipata kweli. Watu wakisikia afisa uhusiano wanaona kamera, utepe na fulana zenye nembo. Kwangu kazi ilianza kueleweka pale tulipohamisha dirisha la malipo kutoka jengo moja kwenda jengine. Tangazo lilibandikwa mlangoni: "Taasisi inapenda kuutaarifu umma kuwa, katika jitihada zake za kuendelea kuboresha utoaji wa huduma kwa wateja wake..." Tarehe ilikuwa mstari wa tano. Mahali dirisha lilipohamia palitajwa mwisho kabisa, chini ya nembo. Asubuhi ile alikuja mzee kutoka upande wa Pongwe, akasimama mbele ya karatasi ile, akaisoma kwa kidole neno kwa neno, kisha akanigeukia akauliza, "Mwanangu, sasa nilipe wapi?" Alikuwa amemaliza kuisoma yote.

Niliomba ruhusa niliandike upya. Likawa hivi: "Kuanzia Jumatatu hulipi hapa. Nenda jengo la pili, chini, mlango unaotazama barabara. Njoo na namba ya simu uliyojiandikishia." Herufi kubwa, karatasi moja, mshale. Foleni ya waulizaji pale mlangoni ilikatika siku ile ile.

Tangu hapo nikaweka daftari kwenye meza ya mapokezi. Kila anayeuliza swali, naandika swali lake kwa maneno yake mwenyewe, silisafishi. "Mbona mmenikata mara mbili?" "Huyu aliyenipigia ni wenu au tapeli?" "Nikifa anayerithi atapeleka nini?" Baada ya muda unaona maswali yale yale yanarudi, na unajua tangazo lijalo liseme nini. Daftari lile lilisomwa kwenye kikao cha menejimenti. Kati ya vyote nilivyofanya pale, hilo ndilo ninalojivunia.

Na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Kama kazi yenyewe ni kusikiliza watu wanauliza nini na kuwajibu kwa lugha wanayoielewa, basi Tanga ya sasa imejaa kazi hiyo, hata kama haijatangazwa kwenye bango lolote. Tazameni bandari. Kina pale gatini kilikuwa mita 3 tu, meli zikitia nanga mbali na mizigo ikiletwa na matishari. Sasa kimechimbwa hadi mita 13, meli kubwa zinafunga gatini. Mawakala wa forodha, madereva wa malori, mama lishe wa pale getini, kila mmoja ana maswali yake. Tazameni Chongoleani, mwisho wa bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko kwenye ardhi yetu. Jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2017. Katika safari yote hiyo bomba linapita kwenye mashamba, minazi na makaburi ya watu, na kila mwenye shamba alihitaji mtu wa kukaa naye chini amweleze fidia inakokotolewaje. Mwaka 2024 Tanga UWASA wakauza hatifungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi rafiki kwa mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mamlaka ya maji ya mkoani! Kumweleza mwalimu mstaafu kwa nini akopeshe fedha zake zikajengee miundombinu ya maji, naye akaelewa na akanunua, hiyo ni kazi ya mawasiliano.

Mimi sijapata kazi kwenye miradi hiyo mikubwa, wala sidai kwamba inanisubiri. Nilichopata ni kidogo: mkataba wa miezi mitatu na ushirika wa wakulima wa viungo huko Muheza, milima ya Amani. Iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga. Wanataka mtu wa kuwaandalia maelezo ya wanunuzi na kupanga mawasiliano yao na wanachama. Malipo si makubwa, ila yameandikwa, na nusu wametoa kabla ya kuanza. Wakati huo naendelea kuomba kila nafasi ya Afisa Uhusiano na Afisa Habari inayotoka.

Nyumbani hawajafurahi. Mama anataka mtoto aliyesoma awe na ofisi ya kuingia asubuhi. Baba mdogo yuko Tabata, anasema nipande basi Kange niende Dar, maana kazi za uhusiano ziko huko.

Nawasilisha. Nipingeni kwa hoja.

Jirani wa Kange

Dada hongera kwa kumaliza. Ila mkulima wa viungo anahitaji bei nzuri, hizo picha na maelezo zitamsaidia nini? Miezi mitatu ikiisha utarudi hapa hapa kuuliza tena.

Mzee wa Raskazone

Marahaba mwanangu. Nimekaa kwenye viti hivyo vya uhusiano tangu enzi za teleksi hadi WhatsApp, sasa nimestaafu, nalea wajukuu. Daftari lako limenifurahisha sana. Katika maofisa niliowalea, waliokaa mapokezi kusikiliza hawazidi wachache. Wengi walikimbilia kukaa karibu na mkurugenzi.

Lakini nitakupinga mahali pamoja, na usinichoke.

Umejifunza kazi ya siku njema. Tangazo, dirisha, daftari, hayo ni ya siku njema. Kazi hii inamjua mtu siku jambo limeharibika: gari la ofisi limegonga mtoto, mtumishi amekimbia na fedha, picha mbaya inazunguka kwenye makundi ya simu tangu alfajiri, na mwanasheria anasema tusiseme neno. Siku hiyo afisa uhusiano anakuwa ndani ya chumba na wakubwa, anapigania ukweli utoke mapema. Mtu wa mkataba wa nje haitwi chumbani. Anapigiwa simu jioni aambiwe, "Tuandikie taarifa, tumeshaamua iseme nini."

Mlifundishwa bila shaka habari ya Ivy Lee, Mmarekani mmoja wa waanzilishi wa kazi hii ya uhusiano. Mwaka 1906, Oktoba, treni ya kampuni ya reli ya Pennsylvania ilitumbukia majini Atlantic City, Marekani, ikaua watu zaidi ya 50. Desturi ya wakati ule ilikuwa kufunga milango. Yeye akaishauri kampuni itoe maelezo ya tukio kwa maandishi, iwapeleke waandishi hadi eneo la ajali wajionee. Wasomi wengi wanahesabu ile kuwa taarifa ya kwanza kwa vyombo vya habari. Angalia lakini: aliweza kwa sababu alikuwa karibu na waamuzi, na walimsikiliza.

Ushauri wangu ni wa katikati. Usijitolee bila mwisho, hapo uko sahihi kabisa, nimeona vijana wamezeeka kwa kusubiri kibali. Ila usiufunge mlango kwa kishindo. Mwombe mkuu wako barua yenye tarehe ya mwisho na kazi moja inayotajwa kwa jina. Kama hawezi kuandika barua ya namna hiyo, basi umejua.

Wakala wa Sinza

Niko kwenye wakala wa mawasiliano hapa Dar, na kwetu ni Korogwe, kwa hiyo nitasema na wewe kama mtu wa nyumbani.

Baba mdogo hajakosea sana. Wakala unakupa wateja wa aina nyingi kwa wakati mmoja: benki asubuhi, kampuni ya simu mchana, mradi wa afya jioni. Unajifunza kuandika bajeti, kupanga tukio, kumwambia mteja hapana. Hayo huyapati kirahisi mkoani.

Ila nikwambie mtu anaanzaje. Anaanza na ufuatiliaji wa habari. Unaamka alfajiri, unapitia magazeti yote na tovuti, unaandika kila mahali mteja alipotajwa, ukurasa gani, kwa sura gani, na ripoti lazima iwe imefika kabla ya saa mbili asubuhi. Kila siku. Wengi wanaacha hapo. Halafu kuna kodi: mwenye nyumba wa Dar hataki mwezi mmoja, anataka sita au mwaka. Ukija bila akiba, mshahara wa kwanza unaishia kwenye madeni na unaanza kukubali kazi yoyote.

Kwa hiyo nasema njoo, lakini njoo ukiwa na faili la kazi. Nikikaa kwenye usaili, wasifu wa kurasa nne siusomi. Nasema, "Nionyeshe kitu ulichoandika, uniambie kilibadilisha nini." Lile tangazo la dirisha, la kwanza na la pili, yakiwekwa pamoja kwenye karatasi moja, yanatosha kumwajiri mtu. Ficha tu jina la ofisi.

Binti wa Makorora

Kaka wa Sinza asante, hilo la kuweka matangazo mawili pamoja nalichukua kama lilivyo.

Jirani wa Kange, swali lako ni la haki, ngoja nijibu kwa kirefu, maana ndilo walilonifundisha wakulima wenyewe nilipokwenda kuongea nao.

Wakulima wale wana bei. Tatizo lao ni kwamba mwanachama anaahidi kupeleka mdalasini kwenye ushirika, kisha mlanguzi anapita na pikipiki na fedha taslimu, mwanachama anauza pembeni. Ushirika unabaki umeahidi mzigo kwa mnunuzi, mzigo hautimii, mnunuzi mwakani haji. Viongozi wanasema wanachama hawana uaminifu. Nilipokaa na wanachama, tena akina mama ndio walionifungukia, nikasikia jingine kabisa. Hawajui siku ya makusanyo mpaka siku yenyewe. Hawajui watalipwa lini. Wakiona mzigo wao umekataliwa, hawaambiwi kwamba ulikuwa na unyevu, wanaambiwa "haufai". Mama mmoja aliniambia, "Mlanguzi ananipunja, lakini ananiambia ananipunja kiasi gani."

Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Kazi yangu ya kwanza pale ni ujumbe mmoja mfupi kila wiki kwa kila mwanachama, wenye siku ya kukusanya, bei ya wiki, na fedha za mzigo uliopita zimefika wapi. Wasio na simu wabandikiwe kwenye mbao za matangazo za vijiji na usomwe msikitini na kanisani baada ya ibada, viongozi wa dini wameshakubali. Karatasi ya pili ni ya picha, inaonyesha gome la mdalasini lililokauka vizuri na ambalo halijakauka, likatwe vipi, lianikwe juu ya kitu gani. Maelezo ya mnunuzi yanakuja baada ya hapo. Ushirika ambao wanachama wake hawauamini hauna cha kumwambia mnunuzi.

Kama baada ya miezi mitatu mzigo unaopita pembeni umepungua, nitakuwa na ushahidi wa kazi ambao mafunzo ya ofisini hayakunipa. Wanaandika kilo zote kwenye vitabu vyao, kwa hiyo tutaona.

Mzee wangu wa Raskazone, maneno yako yamenikesha. Nitarudi nikujibu.

Kalamu ya Usagara

Mimi ni mwandishi wa habari wa kujitegemea hapa mjini, nimemwona mleta mada kazini mara kadhaa bila yeye kunijua. Nataka niseme jambo ambalo wahitimu wa uhusiano hawaambiwi darasani, kwa sababu atakutana nalo awe ofisini, Dar au Muheza.

Bahasha.

Mwandishi wa mkoani wengi wetu tunalipwa kwa habari iliyotoka. Isipotoka, hakuna kitu. Nauli ya kwenda Pangani au Mkinga unatoa mfukoni. Kwa hiyo afisa uhusiano anayeita waandishi anaweka bahasha, sisi tunaita nauli. Naitetea nauli iliyo wazi: umetuita mbali, umetupa usafiri au fedha ya usafiri inayosainiwa kwenye karatasi, sawa kwa wote. Nisichokitetea ni ile inayotolewa mmoja mmoja baada ya mkutano, nene kwa anayeandika vizuri, au ile inayotolewa ili habari isitoke. Hiyo inatuua sisi na inawaua ninyi, kwa sababu siku mkiwa na habari ya kweli hakuna msomaji atakayeiamini kalamu yetu.

Dada, ukianza kazi ya kujitegemea, weka msimamo wako mapema na uuseme. Tunakupigia simu kwa sababu unapokea na unajibu. Kuna siku niliuliza jambo ukanijibu, "Sina jibu sasa, nitakupigia saa kumi," na saa kumi ukapiga. Mimi naweka hiyo juu ya bahasha yoyote.

Mama wa Mikanjuni

Mwanangu, mimi si mtu wa ofisi, nimeusoma uzi huu kwa sababu binti yangu naye amesomea mambo haya haya, sasa ni mwaka wa pili anakwenda kujitolea. Asubuhi anapiga pasi nguo, jioni anarudi na njaa. Ofisi inamwita "wetu". Siku ya sherehe yeye ndiye anayepanga viti. Sijawahi kumwambia aache kwa sababu nilidhani ndiyo njia yenyewe. Leo usiku nitakaa naye. Mwambie mama yako asikasirike, aje tuongee.

Jirani wa Kange

Nimekuelewa sasa dada. Hiyo ya "ananiambia ananipunja kiasi gani" imenigusa. Kwetu Muheza tuna machungwa na hadithi ni hiyo hiyo, dalali anajua bei ya Nairobi, mkulima hajui. Ukimaliza na viungo uje na kwetu.

Wakala wa Sinza

Kidogo tu kuhusu karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua mkataba usio na ukomo, wa muda maalumu, na wa kazi maalumu. Mkataba wako na ushirika uandikwe wazi ni wa kazi gani, unaishia na kazi gani mkononi, na malipo ya mwisho yanatoka lini. Nusu mwanzoni umefanya vizuri. Andika pia nani anamiliki picha ukiondoka. Ugomvi mwingi ninaouona huanzia kwenye picha.

Binti wa Makorora

Mrejesho, wakuu.

Nimekwenda kumwona mkuu wangu wa zamani. Sikumwambia kwa simu, nilikwenda mwenyewe, maana amenilea. Nikamweleza nilivyowaeleza ninyi, nikamwomba kama alivyonishauri mzee wa Raskazone: barua yenye tarehe ya mwisho na kazi moja yenye jina. Kazi niliyoipendekeza ni kugeuza yale maswali ya daftari yawe kijitabu kidogo cha majibu, kikae mapokezi na kwenye ofisi za kata. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ukweli: barua ya kujitolea anaweza kuandika, ya malipo hana fungu mpaka mwaka mpya wa fedha uanze Julai. Tumekubaliana kwamba atakiweka kijitabu hicho kwenye bajeti, na kikipita atanitafuta kama mtu wa nje. Daftari lenyewe nimeliacha pale, ni la ofisi na ndani mna shida za watu. Amekubali kuwa mmoja wa wadhamini wangu.

Mzee wangu, sasa nikujibu. Umesema kweli kwamba sijaonja siku mbaya, na kwamba mtu wa nje haitwi chumbani. Nimelifikiria hilo kuliko yote. Lakini nilipokuwa pale ndani, siku jambo lilipoharibika, sikuitwa chumbani pia. Anayejitolea anatumwa kutafuta maji ya kunywa ya wajumbe. Ili niitwe chumbani nahitaji wanione kama mtu mwenye neno lenye uzito, na sidhani kwamba kukaa mapokezi bila mkataba kutanipa uzito huo. Ushirikani nitakaa na kamati nzima, watu saba, nikiwa na haki ya kusema kwa sababu wamenilipa niseme. Mdalasini ukikataliwa na mnunuzi, wanachama wakaja juu, nitakuwa pale. Siku mbaya ya wakulima ni mbaya kweli kweli, inagusa ada za watoto.

Mzee wa Raskazone

Umenijibu vizuri na sitakung'ang'ania. Hilo la kutumwa maji nalijua, nimewatuma wengi, na leo nimelisoma mara mbili.

Nina ombi. Siku hiyo mbaya ikifika huko Muheza, usiandike chochote kabla hujanipigia. Nitakutumia namba yangu kwa ujumbe wa pembeni. Nataka tuiandike pamoja ile taarifa ya kwanza.

Bagamoyo Kwetu

Dada naomba kuuliza. Mimi niko Bagamoyo, namalizia mafunzo ya uhusiano kwenye taasisi moja hapa, nimebakiza mwezi. Bado sijaambiwa chochote, wala cha kujitolea wala cha kuondoka. Nifanye nini katika huu mwezi ili nisitoke mikono mitupu?

Binti wa Makorora

Mdogo wangu, mwezi unatosha kabisa.

Anza na barua ya kumaliza. Usisubiri wakuandikie ile ya mistari mitatu, "alikuwa nasi, ana nidhamu, tunamtakia mafanikio." Waandalie wewe rasimu inayotaja kazi ulizofanya: taarifa ngapi umeandika, mkutano gani wa waandishi umeuandaa, ukurasa gani umeusimamia. Bosi mwenye kazi nyingi ataisoma, atarekebisha kidogo, atasaini. Hakikisha ina muhuri na tarehe zote mbili, ya kuanza na ya kumaliza.

Faili la kazi nalo liandae sasa, ukiwa bado unaweza kuomba ruhusa. Chukua yaliyokwisha kutoka hadharani, taarifa, picha zilizochapishwa, makala ya jarida. Barua za ndani na orodha za wateja usiziguse hata kama uliziandika wewe. Kwa kila kazi andika sentensi mbili chini yake: shida ilikuwa nini, na baada ya hapo ilikuwaje. Kwa Bagamoyo najua mna wageni, watu wa sanaa, wavuvi na wakulima wote kwenye mji mmoja, kwa hiyo ukiweza kuonyesha tangazo moja ulilolisema kwa namna tofauti kwa wavuvi na kwa wageni, liweke la kwanza.

Waandishi uliofanya nao kazi wapigie kabla hujaondoka, uwaambie unamaliza lini na namba yako ni ipi. Wao ndio wanaojua mapema nani anatafuta mtu.

Na Ajira Portal jaza sasa hivi, usisubiri tangazo. Utahitaji namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na sita vyenyewe, maana hati za matokeo hawazipokei, shahada na matokeo ya chuo, na wadhamini watatu. Matangazo mengi yanakaa wiki mbili tu, na watu wanakosa kwa sababu wakili wa kuthibitisha nakala amesafiri. Kama bosi wako atakuwa mdhamini, mwombe ana kwa ana, na umwambie utaomba nafasi za aina gani ili asishtuke akipigiwa.

Wakikwambia ujitolee, uliza mambo mawili tu: mpaka lini, na nitakabidhi kazi gani siku hiyo. Majibu yaandikwe. Wakiandika, kaa ukiweza. Rasimu ya barua yako nitumie kwa ujumbe wa pembeni kesho, Alhamisi naanza Muheza na huko mlimani mtandao unasumbua.